Hoteli inataka cheti cha umeme cha vyombo vya bendi, nani ameshapitia haya? (Malindi)

Besi_Mambrui
Assalaam aleikum wanamuziki na mafundi. Tuna kazi ya harusi kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, wenye harusi wanatoka Uingereza. Mratibu wao ametutumia orodha ya mambo anayotaka kabla ya kutoa arbuni, na ndani yake kuna "cheti cha PAT" kwa kila chombo kinachochomekwa kwenye stima. Pesa ni nzuri, siwezi kujifanya sikuona. Vyombo vyetu vimetoka huku na huku: ampu mbili tulinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akihama, mikisa ya mtumba kutoka Mombasa, spika mbili zenye ampu ndani, kinanda, na ekstensheni ambazo hata sijui nani alizileta. Hicho cheti kinatolewa wapi? Na je, kina maana yoyote au ni makaratasi ya Wazungu tu?

Solo_wa_Casuarina
Makaratasi hayo. Nenda saiba, chora jedwali, piga muhuri, bandika stika za kijani. Nani atakagua? Tumepiga hoteli karibu zote za barabara ya Casuarina na hakuna aliyewahi kuuliza.

fundi_stima
Solo, huo ni ushauri wa kumfungisha mwenzako. Siku mgeni akipigwa na shoti, hiyo karatasi ya uongo ndiyo itakayosomwa kwanza, na jina lililo chini yake ni la Besi, si lako.

Besi kaka, tuanze na cheti chenyewe. PAT ni upimaji wa vifaa vya umeme vinavyobebeka, na chimbuko lake ni Uingereza. Kule kuna kanuni za umeme kazini za mwaka 1989 zinazotaka kila kifaa kitunzwe kisilete hatari. Hazisemi kipimwe kila mwaka, wala hazitaji stika. Hiyo ya kila mwaka ni mazoea ya kumbi na kampuni za bima. Mwanamuziki wa kule huombwa karatasi hiyo kila anapokwenda kupiga, ndiyo maana mratibu wako anaona ni jambo la dunia nzima.

Huku kwetu EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, inatoa leseni kwa mafundi wanaofunga umeme kwenye majengo, na ipo sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inayomwekea mzigo mkubwa mwenye eneo la kazi, yaani hoteli, ingawa hata anayejiajiri hakuachwa nje. Stika ya PAT hairithiwi kutoka Uingereza. Ila mratibu unaweza kumpa kitu kinachomsaidia zaidi ya stika: orodha ya vyombo, kila kimoja na namba yake, kilipimwa nini, kikasoma ngapi, tarehe, na jina la fundi aliyepima pamoja na namba ya leseni yake. Mwandikie barua fupi ueleze hivyo. Waratibu wengi wanachotaka ni kuona kwamba kuna mtu amefungua hivyo vyombo akaangalia.

Besi_Mambrui
Shukran fundi. Sasa huko kupima ni kupima nini hasa? Nisije nikalipa mtu aje kuwasha na kuzima tu.

fundi_stima
Swali zuri, maana wapo wanaowasha na kuzima tu.

La kwanza ni macho, na hapo ndipo makosa mengi hukamatwa. Chukua bisibisi, fungua plagi. Je, nyaya tatu zimekazwa, au kuna nyuzi zimetoka nje? Kile kibano cha chini kinashika ganda la nje la waya, au kimeshika zile nyaya ndogo za ndani? Fyuzi ni ngapi? Mikisa au kinanda hakihitaji fyuzi ya ampea 13. Fyuzi ya 3 inabeba kama wati 700, inatosha na kubaki. Ukiweka 13 kwenye waya mwembamba, siku ya hitilafu waya ndio utakaowaka kabla ya fyuzi. Kisha pitisha waya mzima mkononi taratibu, inchi kwa inchi, ukiutafuta mkato, mkunjo mgumu na mahali palipozungushwa tepu. Waya wenye tepu hautengenezwi, unabadilishwa.

La pili ni ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea. Unapima ukinzani kutoka ile pini ndefu ya plagi hadi kwenye chuma kitupu cha ampu. Inatakiwa isome karibu 0.1 ya omu, na kidogo juu yake kwa ajili ya urefu wa waya. Hapa ile mita ya dukani itakudanganya. Inasukuma mkondo mdogo sana, kwa hiyo waya wa ethi uliokatika ukabaki uzi mmoja tu utasoma vizuri kabisa. Mashine ya PAT husukuma miliampea 200, nyingine hadi ampea 25, na huo mkondo mkubwa ndio unaoweza kuufichua waya wa aina hiyo.

La tatu ni insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme kuvuja. Unafunga laivu (waya unaoleta stima) na nyutro (waya wa kurudi) pamoja, unapeleka volti 500 za DC kati yake na ethi. Swichi ya chombo iwe imewashwa, la sivyo unapima waya wa nje na kuacha ampu yenyewe. Chombo chenye ethi kisome si chini ya megaomu 1. Chombo kisicho na ethi, kile chenye alama ya mraba ndani ya mraba, si chini ya megaomu 2. Na usikubali fundi apeleke hizo volti 500 kati ya laivu na nyutro, atakuulia mikisa. Ekstensheni zenye kinga ya umeme kupanda zitaonekana mbovu kwenye 500 hata kama ni nzima, hizo zipimwe kwa 250.

Akikuletea stika bila namba za kusoma, usimlipe.

Bi_Kinanda
Fundi samahani, niulize hapo hapo. Mimi ni wa taarabu, napiga kinanda huku naimba. Kuna siku nikigusa maiki na mdomo nahisi kama vijisindano. Si shoti kubwa, ni kutekenywa tu. Vijana wananiambia ni baridi ya AC. Ni kweli?

fundi_stima
Bi mkubwa, baridi haitoboi mdomo. Adapta za kisasa, za kinanda, laptopu na mikisa ndogo, ndani yake zina kapasita zinazounganisha upande wa stima na upande wa kutoka ili kuzuia kelele. Bila ethi, upande wa pili unaelea kwenye karibu nusu ya volti za laini. Kwa stima yetu ya volti 240, mita itakusomea kama 110 au 120. Mkondo wenyewe ukitoka kwenye adapta moja nzima ni mdogo, haufiki hata miliampea moja. Huo ndio unaokutekenya.

Ila usizoee. Mdomo haujui kutofautisha mtekenyo wa adapta nzima na mwanzo wa ampu inayovuja. Kuanzia kama miliampea 10 misuli hubana na mkono haufunguki, na ikipita 30 moyo wenyewe unaweza kupoteza mapigo.

Kabla ya kuimba, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye wavu wa maiki, ya pili kwenye nyuzi za gitaa. Fanya hivyo kwa kila maiki na kila gitaa, vyombo vyote vikiwa vimewashwa. Volti moja au mbili haina neno. Ukisoma makumi, usiimbe mpaka ujue zinatoka wapi.

Besi, zile ampu za Mtaliano zina plagi gani?

Besi_Mambrui
Pini mbili nene za mviringo, na vibati viwili pembeni.

fundi_stima
Na mnazichomekaje kwenye soketi ya kwetu?

Besi_Mambrui
Kama kila mtu. Unaingiza kifuniko cha biki kwenye lile tundu la juu, vile vimilango vya ndani vinafunguka, unasukuma. Inaingia kwa nguvu kidogo lakini inashika.

fundi_stima
Nilijua. Sasa sikiliza, maana hili ni kubwa kuliko cheti chote.

Hiyo plagi ya Ulaya, ethi yake iko kwenye vile vibati vya pembeni. Soketi yetu, ethi yake iko kwenye lile tundu la juu ulilochomeka biki. Vibati vinagusa plastiki. Maana yake ampu yako, yenye mwili wa chuma na iliyoundwa ikitegemea ethi, inafanya kazi bila ethi kabisa. Inalia vizuri, taa inawaka, hakuna dalili yoyote. Siku waya wa ndani ukigusa chasisi, yaani huo mwili wa chuma, chasisi yote inakuwa laivu. Na nyuzi za besi yako zimeungwa na chasisi hiyo kupitia waya wa gitaa, hivyo ndivyo gitaa linavyonyamazishwa kelele. Kwa hiyo umeshika laivu kwa mikono yote miwili. Fyuzi haitakatika kwa sababu mkondo hauna pa kwenda. Unasubiri uguse maiki yenye ethi nzuri, au ukanyage nyasi zilizolowa kando ya bwawa la kuogelea.

Na sasa ndio utamu: ukiipeleka ampu hiyo kwa mtu wa PAT mwenye adapta sahihi ya Ulaya, itafaulu kila kipimo. Stika ya kijani itabandikwa, nawe utarudi kuichomeka kwa biki.

Zile adapta za "dunia nzima" za bei rahisi nazo nyingi ni hivyo hivyo, zinameza plagi ya Ulaya lakini ndani hazina bati la ethi. Ukitaka kujua, tazama ndani ya tundu kwa tochi.

Dawa yake ni rahisi hadi inatia aibu. Kama waya wa ampu unachomoka nyuma, nenda duka la kompyuta lolote mjini, nunua waya wenye plagi ya pini tatu za mraba, bei yake haifiki nauli ya tuktuk ya kwenda Watamu. Kama haichomoki, kata plagi, funga ya kwetu: kahawia laivu, buluu nyutro, kijani na njano ethi.

Solo_wa_Casuarina
Haya fundi, hapo nimekusoma. Lakini kuna upande wa pili. Ukiweka ethi kila mahali, gitaa linanguruma "mmmmm" usiku kucha. Sisi tunakata ule waya wa kijani kwenye plagi ya ampu, kelele inakufa. Utamwambia nini mteja anayesikia nguruma kwenye harusi yake?

fundi_stima
Nitamwambia anisubiri dakika mbili. Kelele hiyo inakuja kwa sababu ampu na mikisa zimeunganishwa na ethi kwa njia mbili: moja kwa stima, ya pili kwa waya wa sauti. Unakata ile ya sauti, si ile ya stima. Boksi la DI, kile kiboksi kinachokaa kati ya gitaa au ampu na mikisa, lina kiswichi cha kuachanisha ethi upande wa sauti, bonyeza hicho. Pia lisha jukwaa lote kutoka soketi moja badala ya kuvuta moja baa na nyingine jikoni. Mara nyingi nguruma huisha hapo hapo. Waya wa kijani haukatwi.

Amu_sauti
Solo, haya si ya kutishana. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea mwaka 1972, mbele ya watu, alipogusa maiki yenye hitilafu ya ethi. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Yardbirds, naye aliuawa na umeme nyumbani kwake London mwaka 1976 akipiga gitaa, vyombo havikuwa na ethi sawasawa. Kote kuwili ni gitaa na ethi.

Mimi niko Lamu, nakodisha vyombo vya sauti. Huku kwetu kuna mengine ambayo hayajatajwa. Vyombo vinavuka kwa boti kutoka Mokowe, kisha vinapanda punda. Kwenye kusi maji yanaruka hadi ndani. Maji ya bahari hata yakikauka chumvi inabaki, na usiku unyevu ukirudi ile chumvi inapitisha umeme. Ampu iliyopimwa Mombasa ikasoma megaomu 50 inaweza kufika Shela ikasoma mbili. Kwa hiyo sisi hatupimi kwa mwaka, tunapima kila inapotoka botini, na vyombo tunavifunga kwa turubai, si kwa leso. Kule Uingereza kwenyewe, mwongozo wa IET, taasisi ya wahandisi wa kule, wa mwaka 2020 unasema muda wa kupima ufuate hatari ya mahali. Kwa mwanamuziki wa kisiwani hatari ya mahali ni Mokowe.

Swali langu kwa fundi: harusi nyingi hapa ziko kwenye jenereta ndogo za kubebeka. Nimenunua RCD, ile swichi inayokata stima mkondo ukivuja, ya miliampea 30, nikibonyeza kitufe cha kujaribu inakata. Inatosha?

fundi_stima
Haitoshi, kaka. Kitufe kinajaribu RCD yenyewe, hakijaribu mfumo. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake inaelea, haijafungwa na mwili wa jenereta wala na ardhi. Hitilafu ya kwanza ikitokea, mkondo hauna njia ya kurudi, RCD haioni tofauti, haikati. Kwa hitilafu ya kwanza utapona pia, sikatai. Lakini sasa upande mmoja wa stima umeshika mwili wa ampu, na hakuna anayejua. Ya pili ikija kwenye chombo kingine, wewe ndiye unayeziunganisha.

Ili RCD ifanye kazi, nyutro ifungwe na ethi mahali pamoja tu, kabla ya RCD, na kazi hiyo ifanywe na fundi anayeijua jenereta hiyo. Ukifunga mahali pawili umeharibu tena. Inveta za sola za hoteli zina mchezo huo huo stima ya KPLC ikipotea, waulize kabla hamjafungua vyombo.

Bi_Kinanda
Na kwenye nyumba ya kawaida, ethi ipo si tuko salama? Mbona RCD tena?

fundi_stima
Inategemea hiyo ethi imeingia wapi, Bi mkubwa. Ethi ya nyumba nyingi ni fimbo iliyopigiliwa ardhini. Huku pwani ardhi ni mchanga mkavu na mawe ya matumbawe, haipitishi umeme vizuri mpaka ufike kwenye unyevu, na chumvi inakula klipu ya juu. Tuseme ukinzani wake ni omu 100. Laivu ikigusa chasisi, volti 240 gawa kwa 100 unapata ampea 2.4. Fyuzi ya 13 hata haitajua. Mwili wa ampu utakaa na stima usiku mzima na bendi inapiga. RCD ya 30 itaona ampea 2.4 na kukata kabla hujapepesa jicho.

Ile testa ya taa tatu nayo inunueni, inaonyesha ethi isiyokuwepo na laivu iliyogeuzwa. Lakini fimbo ya omu 100 nayo inawasha taa vizuri tu, na ethi ikibadilishana na nyutro haisemi kitu. Testa ni ya kukataa soketi mbaya. Kuithibitisha soketi nzuri haiwezi.

Besi_Mambrui
Wakuu, nimerudi na majibu. Tumepata fundi mwenye leseni na mashine, tumekaa naye ukumbini Mambrui.

Ampu za Mtaliano, baada ya kubadilishiwa nyaya, zimefaulu. Mikisa imefaulu. Spika moja imesoma ethi omu 0.9. Tulipofungua, skrubu ya ethi ndani ilikuwa imelegea na ina kutu ya kijani, tukapiga msasa, tukakaza, ikasoma 0.12. Kinanda hakina neno. Ekstensheni ndizo zilizotuumbua. Moja fyuzi yake ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nyingine, ile nyeupe nene tuliyokuwa tukiisifu, imefunguliwa na ndani kuna nyaya mbili tu. Nje soketi za pini tatu, ndani nyaya mbili! Imekatwa vipande mbele ya bendi nzima.

Mratibu amepelekewa orodha na barua kama fundi alivyosema. Amejibu "nzuri sana", akaongeza kwamba hata bendi za kwao hazimpi namba za kusoma. Arbuni imeingia.

Shida iliyobaki: tumenunua RCD ya 30. Tukichomeka chombo kimoja kimoja, sawa. Tukiwasha vyote pamoja na taa za jukwaa, inakata. Kila chombo kimepimwa na ni kizima. Solo anasema ni feki, tuirudishe dukani.

Solo_wa_Casuarina
Nimesema *labda* ni feki.

fundi_stima
Kazi nzuri. Hiyo nyeupe ya nyaya mbili usiitupe yote, mwonyeshe kila anayekuazima ekstensheni.

RCD huenda haina kosa. Zile kapasita nilizomwambia Bi Kinanda, kwenye vyombo vyenye ethi kila kimoja kinavujisha kidogo kupitia waya wa ethi, na huo ni uvujaji halali. Taa za LED za bei rahisi, spika na ampu, ukizijumlisha zote mnafika miliampea 15 au 20 kabla hata ya hitilafu. RCD ya 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30. Msiweke ya 100 ili ikae kimya, hiyo ni ya kuzuia moto, mtu haimwokoi. Nunueni ya pili ya 30, mgawe: ampu, maiki na kinanda kwenye moja, taa na spika za mbele kwenye nyingine. Ikikata ya taa, mnaendelea kupiga gizani.

Maiki ya hotuba za wazee iwe isiyo na waya, maana huyo anayeishika amelowa jasho na glasi iko mkono wa pili. Na uliza hoteli kama taa za mapambo za kwenye minazi zinatoka kwenye laini yenu. Zikipata umande saa nne usiku zitawakatia kila kitu, nanyi mtakuwa mnatafuta kosa kwenye ampu.

Besi_Mambrui
Nimeuliza sasa hivi. Zinatoka kwenye laini yetu. Wamekubali kuzihamishia kwenye swichi ya bustani kesho asubuhi, nitakuwepo na testa.